Saa Iliyokwenda Mombasa

Watu wakisikia kwamba nilisomea fizikia huwa na swali moja tu la kuniuliza: eti ni kweli mtu akienda mbio sana hazeeki? Huuliza wakicheka, sahani ya pilau mkononi, kwenye harusi za watu. Mimi huwajibu kwa mkato na kwenda kutafuta kiti mbali nao. Najua wanasema nina maringo. Wacha waseme. Swali hilo niliulizwa mara ya kwanza na baba yangu, nyumbani kwetu Gesima, na yaliyofuata ndiyo aibu kubwa ya maisha yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya mgomo, tukapewa saa chache tufungashe virago, nami nikarudi nyumbani na sanduku la vitabu na hasira tele. Nilikuwa mwaka wa tatu. Nilidhani nitakaa wiki mbili. Nilikaa miezi mitano, nikichuma majani chai pamoja na Mama na kuyapeleka kituoni kupimwa, nikimnunia kila mtu aliyeniuliza chuo kitafunguliwa lini.

Nilimkuta Tata amekonda. Sisi baba tunamwita Tata. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, amestaafu, na mifuko ya koti lake ilikuwa bado haikosi vipande vya chaki. Shati alilolivaa siku ya kustaafu sasa lilimpwaya shingoni hadi vidole viwili vingepita. Nilimuuliza Mama kulikoni. Alinijibu tukiwa katikati ya majani chai, mikono yake ikiendelea kuchuma. Baba mdogo alimpeleka Tata hospitali mjini Kisii. Daktari akamvuta baba mdogo pembeni, akamwambia ni ugonjwa ule wa wanaume wa chini ya kibofu, na kwamba umekwisha kuingia mifupani. Baba mdogo akamwambia Mama. Tata mwenyewe aliambiwa ni uvimbe mdogo, ameze dawa na asibebe vitu vizito.

"Na wewe usimwambie," Mama alisema. "Mgonjwa akiambiwa, hufa kabla ya siku yake."

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kwetu mwenye maradhi ndiye aliyefichwa. Hata kama ningetaka kusema, ningeanzia wapi? Baina ya mzazi na mtoto sisi tuna haya yetu, tunaiita chinsoni. Binti mzima haingii chumba anacholala baba yake. Hataji mwili wake, wala hamuulizi amelalaje ikiwa jibu litamlazimu kutaja kibofu. Nilimsikia akigumia nyuma ya ukuta wa mbao, nami nikakaa sebuleni nikishika kitabu. Nilimpenda mno, na sikuwa na ruhusa ya kumpelekea hata maji ya kumeza dawa. Mama ndiye aliyepeleka.

Kitabu nilichokishika ndicho kilichotuokoa, au nilidhani hivyo. Asubuhi moja Tata alitoka akiegemea fimbo, akaketi kwenye benchi la nje, akauliza nasoma nini. Nilimwambia nasoma habari ya mwendo na wakati. Hapo ndipo alipouliza lile swali, ila yeye hakucheka. Alisikia redioni, alisema, kwamba saa inayosafiri huchelewa. Akataka kujua ni kwa nini.

"Ni ngumu, Tata," nilimwambia.

"Nimefundisha mgawanyo mrefu kwa watoto wenye njaa," alisema. "Anza."

Nikaanza. Tulitumia mlango wa banda la kuwekea vikapu vya chai kuwa ubao. Nilimwambia achukue lori, aweke kioo kimoja sakafuni na kingine darini, na mwanga uwe unaruka kati ya vioo hivyo, juu na chini, kila mruko ukihesabiwa kuwa mpigo mmoja wa saa. Aliye ndani ya lori anaona mwanga ukipanda wima na kushuka wima. Lakini wewe umesimama kando ya barabara pale Keroka, lori linapita. Mwanga ukiondoka sakafuni, kabla haujafika darini lori limekwisha sogea mbele. Kwa hiyo wewe huoni mstari wima. Unaona mshazari.

Alichora pembetatu kabla sijamaliza kusema.

"Mshazari ni mrefu kuliko wima," alisema.

"Ndiyo. Ungekuwa mpira, mimi na wewe tungesema tu kwamba umeongezewa kasi na lori. Lakini mwanga hauongezewi. Aliye ndani na aliye nje wakiupima, wote wanapata kasi ile ile."

Chaki ilikuwa imeganda hewani.

"Njia ndefu zaidi, kasi ile ile," alisema taratibu. "Basi kwangu mimi ninayesimama, mpigo mmoja wa saa yake umechukua muda mrefu. Saa yake inachelewa." Kisha akacheka kicheko kilichomfanya ashike ubavu. "Pythagoras! Nimeifundisha miaka yote hii nikidhani ni ya kupimia mashamba!"

Tangu siku hiyo alitoka kila asubuhi. Alikuwa mwanafunzi msumbufu, wa aina ambayo yeye mwenyewe angeipeleka kona. Siku ya pili aliniambia kwamba dereva wa lori naye ana haki ya kusema amesimama tuli na kwamba ni Keroka inayorudi nyuma, kwa hiyo dereva ataona saa ya Keroka ndiyo inayochelewa. Nilikiri kwamba ni kweli, kila mmoja anaiona ya mwenzake ikichelewa. "Sasa wakikutana?" aliuliza. "Hawawezi wote wawili kuwa na haki." Nilimwambia wakikutana, iliyochelewa ni ya yule aliyegeuza. Wa Keroka alikaa katika mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Dereva alifunga breki, tuseme Mombasa, akageuka, akaanza mwendo mwingine, na breki hizo alizihisi tumboni mwake. Mambo yao si sawa tena. Tata alilitafuna jambo hilo siku mbili nzima, kisha akalikubali kwa kutikisa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akikubali daftari safi.

Swali moja alilirudia mara mbili. "Huyo aliye ndani ya lori, je, anahisi siku zake zimerefuka?"

"Hapana, Tata. Kwake yeye saa ni saa. Akipewa siku kumi, anaishi siku kumi. Ni sisi tu tunaoziona ndefu."

"Kwa hiyo hakuna anachoongezewa."

"Hakuna."

Niliendelea kuchora. Msichana mwenye akili za vitabu, na sikusikia alichokuwa akiniuliza.

Mwishowe akataka jaribio. Alisema bila jaribio haya ni mahubiri, na mahubiri anayapata kanisani kila Sabato. Nilimwambia tofauti ni ndogo mno, haiwezi kuonekana kwa saa ya mkono. "Ndogo kiasi gani?" aliuliza. Nami, badala ya kumpa hesabu yenyewe, nilipunga mkono nikasema ni ndogo sana tu, tarakimu zake ni nyingi. Niliona nisimchoshe. Ukweli ni kwamba nilidhani hatazimudu.

Akaamua kulifanya hivyo hivyo. Saa moja alikuwa nayo, aliyopewa na walimu wenzake alipostaafu. Ya pili aliiazima kwa fundi wa saa mjini Kisii, mzee wa Kihindi ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeitengeneza saa ya shule. Nilizipeleka mimi. Dukani kulinuka ubani, na ukutani, juu ya picha za miungu yake, saa kama ishirini zilikuwa zikigonga kila moja na lake. Nilipomweleza, hakucheka.

"Mwambie Mwalimu saa mbili haziendi sawa hata zikilala meza moja," alisema. "Wacha hapa wiki moja kwanza. Mimi nitajua tabia yao, halafu ndio zisafiri."

Baada ya wiki alinipa karatasi: saa yake iliitangulia ya Tata kwa sekunde nne kila siku, bila kubadilika. Tata aliibusu karatasi ile. "Huyu ndiye mwanasayansi," alisema, akinitazama mimi kwa jicho la kunisuta.

Tulizilinganisha saa zote mbili, sekunde kwa sekunde. Ya Tata ilitundikwa kwenye msumari sebuleni, mtu asiiguse. Ya fundi tulimkabidhi dereva wa lori lililokuwa likipeleka chai mnadani Mombasa, mwanafunzi wa zamani wa Tata. Alisimama mbele ya benchi mikono nyuma, mtu mzima mwenye kitambi, akaapa. "Mwalimu, hii saa nitachunga kama yai. Ulinichapa juu ya jedwali la saba, sitaki unichape tena." Siku nne, kwenda na kurudi. Tata alizihesabu moja moja. Dawa zilikuwa zimeacha kumsaidia, na siku ya tatu hakuweza kufika kwenye benchi.

Siku ya nne niliifuata saa Keroka. Nilifika nyumbani kama saa tisa alasiri. Tata alikuwa amelala, Mama yuko mtoni. Niliingia sebuleni peke yangu, nikaishika saa ya Mombasa kando ya ile ya msumarini, nikatazama. Ilikuwa mbele kwa sekunde kumi na sita. Nne mara nne. Ile ile tabia yake aliyoiandika fundi, wala hapakuwa na kitu kingine.

Hilo ndilo lililokuwa jibu sahihi. Mwendo wa lori ungeichelewesha saa kwa sehemu ya sekunde isiyofikia hata moja ya bilioni, na hakuna jicho linaloiona. Mwalimu yeyote angelipokea. Lakini nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu chumbani, na nikamsikia akipumzika kati ya hatua moja na nyingine, na nikawaza kwamba mtu huyu anatoka kitandani kwa taabu yote hii kuja kuona hakuna kitu. Sikuweza. Nilivuta kile kidude cha pembeni mwa saa ya Mombasa, nikaurudisha mshale wa dakika nyuma alama mbili, nikakisukuma ndani. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Alizitazama saa zile mbili kwa muda mrefu sana. Akasoma kwa sauti: imechelewa dakika moja na sekunde arobaini na nne. Ukiongeza zile kumi na sita ambazo ingepaswa kutangulia, jumla dakika mbili. "Kamili," alisema. "Dakika mbili kamili." Nikapiga makofi. Mama aliporudi naye akapiga vigelegele, asijue ni vya nini. Nilikwenda jikoni kupika chai, nikalia kwa furaha, na mpaka leo najionea haya kwa machozi yale kuliko kwa uongo wenyewe.

Kesho yake aliomba daftari na kitabu cha majedwali ya namba. Mama alisema anaandika kitandani, amekataa uji. Siku iliyofuata alitoka, akaketi sebuleni, akaniita.

"Mwalimu," aliniambia. Hakuwahi kuniita hivyo kabla wala baadaye. "Hesabu imekataa."

Alinionyesha. Alikuwa ameichukua ile pembetatu ya mlangoni, ambayo mimi nilimpa kama picha tu, akaifanyisha kazi. Sekunde zote za siku nne aliziweka kwenye mshazari. Zile zile zikipungua mia moja na ishirini aliziweka kwenye wima. Akatafuta upande wa tatu, kipeo cha pili kwa njia ndefu ya zamani, kila mstari umepigwa kwa rula. Upande wa tatu ni mwendo wa lori. Tarakimu zote zilisimama wima.

"Ili saa ichelewe dakika mbili," alisema, "ilibidi lori liende karibu kilomita elfu nane kwa kila sekunde. Kutoka hapa hadi Mombasa ni sehemu ya kumi ya sekunde. Yule mtoto wa jedwali la saba hakuwahi kufanya jambo lolote upesi hivyo."

Alikuwa amefika mwenyewe. Kanuni ambayo sisi tulimezeshwa na mhadhiri, naye akaifuta kabla hatujamaliza kunakili, mzee huyu aliichimba kitandani, kwa kalamu na maumivu. Nilipaswa kumpigia magoti. Alikuwa akinitazama, na sasa najua kwamba alinifungulia mlango niingie. Ningesema tu: Tata, ni mimi niliyeirudisha. Tungecheka. Tungeandika sufuri kwenye daftari, na ingekuwa sufuri yetu.

"Labda saa ilitikiswa njiani," nilisema. "Barabara ni mbaya."

"Ikapoteza dakika mbili kamili. Isipoteze hata sekunde moja zaidi."

"Saa za zamani zina mambo yao, Tata."

Alifunga daftari. Alilifunga polepole, akaliweka chini ya mto wa kiti, akaniuliza kama majani chai ya upande wa juu yamekwisha chumwa. Hakuniuliza tena habari ya mwanga wala ya saa. Nilidhani amechoka. Nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba ameacha kuuliza.

Aliishi wiki saba baada ya hapo. Katika wiki hizo alifanya mambo ambayo niliyaona ya ajabu kwa mtu aliyedhani anapona. Alimpeleka baba mdogo hadi nyuma ya nyumba akamwonyesha mahali, karibu na migomba, na kupatazama kwa muda. Aligawa mipaka ya shamba. Aliirudisha saa ya fundi kwa mkono wa mtu, pamoja na barua ya shukrani. Chuo kilipotangaza kwamba kinafunguliwa na kwamba tungeanza na mitihani, alinisindikiza hadi langoni, hatua thelathini hivi, akaniambia nisome kwa bidii. Alifariki nikiwa Nairobi. Nilifika wakati wanachimba kaburi, mahali pale pale.

Baada ya matanga, wageni walipopungua, tuliketi na Mama jikoni tukimenya ndizi. Nilimwambia, kwa sababu nilihitaji kusikia mtu akilisema, kwamba afadhali Tata alikwenda bila kujua. Hakuteseka kwa mawazo.

Mama aliacha kumenya.

"Alijua," alisema. "Alijua siku ile alipokuita na daftari lake. Nilimkuta ameketi kitandani. Akaniambia, msinifiche tena. Daktari alinidanganya nikanyamaza, ndugu yangu alinidanganya nikanyamaza, maana hao hawajui kudanganya na hawajui kusema kweli. Lakini yule msichana hawezi kunidanganya kwenye hesabu. Hesabu ndicho kitu pekee ninachozungumza naye. Kama amefika kunidanganya hata hapo, basi mimi sina muda. Niambie ni miezi mingapi. Nikamwambia."

Niliuliza kama alilia.

"Hakulia. Aliniapisha nisikwambie kwamba amejua. Alisema una mtihani."

Mtihani niliupita vizuri. Kulikuwa na swali la saa mbili, moja inasafiri na nyingine imebaki, nami nililijibu lote bila kukosea.